Pimbi, Ndugu wa Tembo

Miaka ile ya foleni za sabuni na sukari, nyama tuliyoijua nyumbani kwetu Kamunyonge ilikuwa ya pimbi. Kaka yangu aliwategea kwenye mawe ya Bweri, na kila Jumamosi alituletea mmoja, ameshachunwa. Mimi nilikuwa nimechoka, uchovu wa mwanamke anayenyonyesha, mwenye watoto wengine watatu na baba mkwe aliyeletwa kutoka upande wa Bunda kutibiwa kifua. Mzee alikuwa hali kitu. Mchuzi wa pimbi ndio ulioanza kumrudishia nguvu.

Mume wangu alifundisha bayolojia. Vitabu hakuna, kwa hiyo masomo aliyapanga kwa mdomo, wakati wa kula, sisi tukiwa wanafunzi tusioomba nafasi. Jumamosi moja alikuwa akilinganisha mnyama na ndege. Ndege wake alikuwa yule mdogo wa kijivu anayeimba kwenye migunga ya Bunda. Yuko kundi moja na shomoro, akasema, ila wamebaki wachache kwa sababu migunga inakatwa kuchomwa mkaa. Pimbi ni mnyama anayenyonyesha, na wako tele.

“Watu wanamdhania panya,” akaendelea, amefurahi peke yake. “Kumbe ndugu yake wa karibu ni tembo.”

Nilitamani kumziba mdomo kwa ugali. Ukoo wao hauli tembo. Ni mwiko wao tangu mababu; wanamhesabu ndugu. Baba mkwe aliweka tonge chini.

“Tembo? Na mlikuwaga mnanilisha?”

Mume wangu akahangaika: undugu wenyewe ni wa zamani mno, wa mifupa na meno tu.

“Ndugu ni ndugu. Mimi na binamu zangu wa Butiama tunafanana wapi?” Akanawa mikono. “Na huyo ndege?”

“Huyo ni wa kulindwa, baba.”

“Kwa hiyo wa kwetu aliwe, asiye ndugu alindwe. Ndiyo elimu hiyo.”

Wengine wangecheka. Mimi niliwaza kesho nimpikie nini mgonjwa, na dagaa wenyewe walikuwa wa kuvizia. Watoto ni wa ukoo wao, nao wakaambiwa wanawe mikono. Mume wangu akanawa bila kuambiwa.

Mzee akasukuma bakuli kwangu. “Kula wewe, mwanangu. Kwenu si ndugu.”

Nilikuwa na njaa, na hasira. Nikala mpaka mfupa wa mwisho, watoto wangu watatu wakinitazama mdomo.