Sayari Niliyoiona Mimi

Leo nimemshukuru hadharani mtu aliyeniibia sayari.

Nafundisha fizikia hapa Same. Kwa miaka miwili nimekuwa nikipekua data za kundi moja la nyota kwenye laptop yangu. Nyota moja ilififia kidogo kila baada ya siku chache, nikajua kuna sayari inapita mbele yake. Nikamtumia mhadhiri wangu wa zamani aihakiki.

Leo kaja shuleni kwetu kuitangaza kama yake.

Mwalimu Nakiete wa hesabu akamuuliza, "Si ndiyo hii mwenzetu alituonyesha mwaka jana?"

"Ndiyo, alinisaidia kuchapa."

Watu wakacheka. Mkuu wa shule akanipa maiki nitoe shukrani.

Nikatoa, tena nikamwita mgunduzi.

Hilo neno nimelitamka mwenyewe, jamani. Nyie mngefanyaje?