Pilipili Yetu Yageuzwa Pambo Kakoba

Niliondoka kambini kwetu Nakivale, hapa Uganda, nikiwa na hasira, na mpaka leo haijaniisha. Ninyi mliobaki Fizi, kule Kongo, mnaijua pilipili ya mama mkwe wangu, ile ndogo inayowasha mpaka masikioni. Tulipokimbia aliibeba mbegu yake kwenye pindo la kitenge. Kwa miaka mingi tuliila na sombe ya majani ya muhogo na vidagaa vya ndagala, majani yake tukayabandika kwenye majipu, na matunda tukayaponda katika mawese ili mama asugue magoti. Halafu mvua ikagoma, miche yote ikakauka, na mbegu za akiba zikaoza chini ya paa linalovuja. Mama akawa anaacha bugali kwenye sahani. Kila asubuhi ilibidi nimwinue kitandani.

Mche mmoja tu wa ukoo ule ulikuwa bado hai, tena mjini Mbarara. Mwenye nyumba moja ya wageni huko, mtaa wa Kakoba, aliwahi kuja kwetu kununua mahindi kabla ya ukame, akaisifu miche yetu kwa uzuri, naye mama akampa mmoja kwenye kopo. Baadaye nilimtumia salamu mara mbili nikiomba mbegu. Hakujibu.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda pikipiki hadi Kabingo. Pale nilinunua matoke na maharage, nikaomba pilipili. Mama muuzaji akacheka, akasema hiyo ni ya Wakongo na walevi. Nilikula, nikalipa, nikaondoka.

Kutoka Kabingo nilipata lifti kwenye gari la maziwa. Pale Masha tulisimama muda mrefu kupakia mikebe, nami nikautumia kupanga maneno ya kumwambia yule bwana. Yalikuwa makali.

Kakoba nilifika saa tano. Mche wetu ulikuwa kwenye meza ya mapokezi, katika chungu kilichopakwa rangi ya dhahabu, matunda yake ya kijani, ya njano na mekundu yakimeremeta. Niliponyoosha mkono, msichana wa mapokezi akanizuia.

“Mama, hapana gusa. Hii ni maua.”

Nikamuuliza matunda yakiiva wanayafanya nini. Akasema yakianza kunyauka yanaharibu sura, hivyo huyatupa. Fikirini! Mama analala na magoti yaliyovimba, na dawa yake inatupwa jalalani kwa kosa la kuiva!

Nikaanza kupaza sauti. Mwenye nyumba akatoka ndani, akanitambua. Nilimwambia kuwa ile ni chakula na dawa, kwamba hata salamu zangu hakuzijibu. Hakubishana. Alichuma mekundu yote yaliyokuwapo, akanyoosha kiganja anipe.

Nikarudisha mikono nyuma. Ninyi mnajua kwamba pilipili haipokelewi mkono kwa mkono, maana huleta ugomvi kati ya mtoaji na mpokeaji.

“Weka chini, sebo,” nikamwambia, nikimwita bwana kwa lugha ya kwao.

Uso wake ukabadilika. “Kumbe ni tabia yenu? Ile siku mama yako naweka kopo chini, mbele ya watu. Mimi nafikiri nanipa takataka, kama mbwa. Sasa na wewe?”

Akaziachia pilipili sakafuni. Zikatawanyika mpaka chini ya viti, wageni wakitazama, nami nikapiga magoti kuokota moja moja. Nilizihesabu: kumi na tisa. Niliona aibu, nikaona hasira, nikazifunga kwenye pindo la kitenge na kuondoka bila kuaga. Maneno makali niliyoyapanga Masha nilikuwa nimeyasahau yote.

Jioni nilikuwa Nakivale. Nilizitandaza kwenye mkeka, mama akainusa moja, machozi yakamtoka. Nikamsimulia yote, nikimtukana yule bwana kila baada ya neno. Aliningoja nimalize.

“Alikupatia mu mikono?”

“Hapana, mama. Aliweka chini.”

“Basi hakuna ugomvi. Na ulimuelezea juu ya nini tunawekaka chini?”

Nikaanza kuzigeuza pilipili mkekani. Yeye mwenyewe hakumweleza siku ile ya kopo, nami nilikuwa na nafasi mbele ya meza ile, nikaitumia kupaza sauti.

Tulipanda mbegu zake, na sasa miche kumi na mmoja imeota. Mmoja nimeupanda kwenye kopo, nitampelekea yule bwana wa Kakoba. Nitauweka chini mbele yake, na safari hii nitamweleza sababu kabla hajauokota. Bado nimemkasirikia.