Kenchi za Misambya

Mume wangu alifanya kazi miaka saba kwenye machimbo ya bati kule Kyerwa, akarudi nyumbani na vitu viwili: kifua kibovu, na imani kwamba hakuna kitu duniani kinachokizidi chuma. Jembe likivunjika mpini alinung'unika siku nzima kwamba wazungu wa machimboni wasingeruhusu upuuzi kama huo. Nilimpenda, lakini nilichoka kuvisikia vyuma vyake.

Kahawa ilipopata bei, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, tukaamua kujenga nyumba ya pembe nne yenye mabati, kama majirani zetu wa Chonyonyo. Kuhusu paa, yeye hakuwa na haja ya kufikiri. Banda moja kule machimboni lilikuwa limebomolewa, na msimamizi wake wa zamani alimwahidi kenchi za paa lake, za chuma, zilizokwisha kutobolewa matundu ya bolti. Ilibaki kuzibeba tu, na kwa rubisi ya kutosha, pombe yetu ya ndizi, wanaume wa kwetu wangebeba hata kilima.

"Chuma hakiliwi na mchwa," aliniambia. "Wajukuu zetu watakuta kenchi zile zile."

Kikwazo kilikuwa mama yake.

Mama mkwe wangu aliishi peke yake ndani ya msonge, upande wa pili wa kibanja chetu cha migomba. Nyasi za paa hazikuwa zimebadilishwa tangu baba mkwe afariki. Masika yaliyotangulia nilikwenda kumwangalia mvua ikinyesha, nikamkuta ameketi kando ya mafiga, amejifunika ungo kichwani, anatafuna buni kama mtu aliyekuja harusini. Alinicheka nilivyolowa. Mimi sikucheka. Nguzo ya katikati ilikuwa imeanza kuinama, na kila radi ilipopiga nilikuwa nikichungulia migombani kuona kama msonge bado umesimama. Niliolewa nikiwa sina mama, na yule bibi ndiye aliyenifundisha hata kumenya ndizi bila kujipaka utomvu mpaka viwikoni. Sikutaka afukiwe na nyumba yake.

Nikamsihi ahamie kwetu nyumba ikiisha. Akauliza paa litakuwa la nini. Nikamweleza.

"Bati juu, chuma chini yake, halafu mimi katikati?" akasema. "Mawe, mama wee! Mnataka kunipika?"

Niliporudia siku nyingine alinijibu kwa radi. Radi inapenda chuma, alisema, na yeye amezeeka mno kuanza urafiki na radi. Mume wangu aliposikia alisema mama atazoea. Mimi nilimjua kuliko alivyomjua yeye. Asingehama.

Ukweli niliupata tukipalilia maharage, mimi na mama mkwe. Mwisho wa kibanja ilisimama misambya kumi na miwili, imenyooka, na maua yake ya manjano yalikuwa yakituangukia mgongoni. Alisimama kupumzisha kiuno, akaushika mti mmoja kwa kiganja.

"Hii aliipanda baba yenu mwaka aliponioa," alisema. "Aliniambia, 'Hii ndiyo nyumba yako ya pembe nne, subiri ikue.' Nikasubiri. Imekua, yeye katangulia."

Nikamuuliza kwa nini hajamwambia mwanawe.

"Mtu hamtwishi mwanawe ahadi ya baba yake. Naye ana zake."

Akainama, akaendelea kupalilia. Mimi sikupalilia tena vizuri siku ile. Nadhani niling'oa maharage pamoja na magugu. Siri si kitu ninachokiweza. Mume wangu alipoketi kula nikamwambia yote. Tonge lilibaki mkononi. Kwanza alikasirika kwamba mama yake alinyamaza miaka yote hiyo, kisha akaacha kukasirika, akaniomba maji ya kunawa kabla hajashiba. Kesho yake alituma ujumbe Kyerwa kwamba kenchi wapewe wengine. Halafu akanoa shoka.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lilikuwa la haraka. Kila mtu kwetu anajua kwamba msambya ukikatwa huachwa ulale mpaka ukauke. Lakini mvua zilikuwa zinakaribia na nguzo ya msonge ilizidi kuinama. Tukakata, wapasuaji wakapasua kwa msumeno wa watu wawili, na fundi akapima huku akilalamika kwamba maji yanachuruzika mbaoni. Kenchi zilikuwa tano. Ya tatu, iliyo katikati, ilitoka kwenye mti wa bondeni kabisa, mbichi kuliko yote.

Mama alihamia siku mbili kabla ya mvua ya kwanza. Nilitandaza nyasi mbichi sakafuni kama tunavyompokea mgeni mkubwa. Alisimama katikati ya nyumba ambayo bado haikuwa na dari, macho yake ambayo yalikuwa yameanza kufifia ameyainua juu, akahesabu kenchi moja moja kwa kidole. Kisha akakaa juu ya nyasi na kulia. Mume wangu akatoka nje kwenda kutazama ng'ombe, ingawa ng'ombe walikuwa malishoni.

Mwaka haukuisha, fukusi, wale wadudu wapendao mbao mbichi, wakaingia kwenye kenchi. Mama ndiye aliyewasikia kwanza, kwa sababu masikio yake yalifanya kazi ya macho. "Kuna mtu anasaga huko juu," alisema. Tukaanza kuona unga mwembamba juu ya blanketi, juu ya meza, hata ndani ya uji.

"Ningeleta vile vy..." mume wangu alianza. Akamtazama mama yake, akayameza maneno yaliyobaki.

"Miti ya msonge wangu haikubunguliwa hata mmoja," mama alisema. "Moto ulikuwa ndani, moshi ukaipitia kila siku. Ninyi mmepeleka jiko nje. Miti inataka moshi."

Lakini moshi na kifua cha mume wangu havikupatana. Alikuwa akikaa dakika chache jikoni, anakohoa mpaka machozi. Kwa hiyo mama alingoja aende shambani. Hapo alichukua kigae cha mtungi, akatia makaa, samadi kavu na majani mabichi, akatembea nacho polepole chini ya kila kenchi huku akiimba tenzi za kanisani kwa sauti ya puani. Alianzia chumbani kwake. Akifika ya tatu alikuwa akiniita kwa sauti ya kufika mpaka shambani: "Hii ya tatu msiisahau. Ilikatwa ikiwa bado mtoto." Kisha tulifungua madirisha yote, na mume wangu alirudi akakuta nyumba safi. Harufu ilikuwa bado imo. Hakuwahi kuuliza.

Unga ulipungua. Sijui kama ulikuwa ni moshi au mbao zilikauka zenyewe. Mimi si seremala. Mama aliishi humo miaka minne, mkavu, masika baada ya masika, na tulimzika kibanjani, mahali misambya ilipokuwa.

Baada ya msiba kigae kilikaa nyuma ya mlango. Nilikiona kila siku, sikuwa na nguvu ya kukigusa wala ya kukitupa. Kiangazi kikaja. Siku moja nilikuwa nimekwenda Nyakahanga kumwona mgonjwa hospitalini, nikarudi mapema kuliko nilivyosema. Kutoka njiani niliona moshi ukitoka madirishani, nikakimbia nikidhani nyumba inaungua.

Mume wangu alikuwa ndani. Alikuwa ametoka chumbani kwa mama, amekishika kigae kwa mikono miwili, kitambaa amejifunga puani, anakohoa hadi mabega yanatikisika. Nilimwambia aniachie, kifua chake hakiwezi. Alitikisa kichwa, akasogea hatua mbili, akasimama chini ya kenchi ya katikati na kukiinua kigae juu kadiri mikono yake ilivyofika.

"Hii ya tatu," aliniambia, "tusiisahau."