Nilisema Koboa

Nimefanya kazi nyingi Eldoret na kuziacha karibu zote. Nimevuna viazi Burnt Forest, nimepakia mahindi kwenye malori, nimelinda geti la chuo Chepkoilel nikiwauliza wanafunzi wanasoma nini mpaka wakaanza kunikwepa. Shule niliiachia darasa la sita, lakini kichwa changu kilinitosha kuwa daftari. Mwaka jana, nikiwa na miaka hamsini na mbili, nilikuwa naendesha kisiagi, mashine ya kusaga mahindi, hapa Kiplombe, na ndipo nilipoanza kukiogopa kichwa hicho.

Kisiagi kinataka mtu wa kukumbuka. Mteja anaacha debe lake la mahindi, anasema kama anataka kusagiwa unga ama kukobolewa tu, maganda yatoke punje zibaki, kisha anaenda zake sokoni. Aliyekuwa hapo kabla yangu alikuwa akiandika kwa chaki kwenye gunia. Mimi sikuandika, na nilijivunia hilo.

Halafu nikaanza kupotea. Naingia stoo, nasimama, sijui nimefuata nini. Nambari ya siri ya simu ikanitoka. Jumamosi moja mama mmoja jirani, muuza viazi, aliniachia madebe mawili. Aliporudi alitia mkono kwenye gunia, ukatoka mweupe.

"Nilikuambia nini?"

"Nikusagie, Mama."

"Koboa! Nilisema koboa! Kesho ni githeri ya watu wa kanisa, punje na maharagwe. Sasa niwapikie uji na maharagwe?"

Foleni nzima ilicheka. Mimi sikuweza. Baba yangu alianza hivyo hivyo. Kwanza alisahau jembe shambani, baadaye akasahau njia ya kutoka sokoni, na mwishowe akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Tangu siku hiyo nilikuwa nangoja zamu yangu, na sasa niliona imefika.

Mama alichukua unga wake. Akiwa mlangoni aligeuka. "Na uende upimwe. Nikikutazama unakaa mgonjwa."

Jumatatu nilienda zahanati. Nilimwambia nesi kwamba akili inaniisha.

"Nani amesema? Watu wa nyumbani, ama wewe?"

"Ni mimi. Nyumbani hakuna watu."

Nilidhani atanishika kichwa. Badala yake alinifunga mkono kwa kitambaa cha presha, akapima, akapima tena, akaandika. Akanitoboa kidole apate kupima sukari. Akaniuliza ninalala masaa mangapi kwa usiku. Nikamwambia matatu, manne nikibahatika. Ninakula nini? Chai na mandazi mpaka jioni.

"Na masikio? Unasikia vizuri?"

"Nini?"

Aliweka kalamu chini akacheka. "Basi, umeshajibu." Alinichungulia masikioni kwa taa ndogo. "Mzee, humu ndani kuna ugali wa watu wawili."

Alinitoa nta sikio la kushoto kwa maji ya uvuguvugu. La kulia lilikuwa safi. Hilo, alisema, huenda limeumizwa na kelele za mashine. Kisha akanipa maneno matano: ndoo, kanisa, chumvi, ng'ombe, mwavuli. Tukazungumza mambo ya mvua, akaniuliza tena. Nikayataja yote, nikajikuta nashikilia meza.

Nilimuuliza kama basi sina ugonjwa wa baba. Hakunidanganya. Sukari ilikuwa sawa, lakini presha ilikuwa juu, usingizi hakuna, na masikio hayasikii vizuri. Neno usilolisikia, alisema, huwezi kulikumbuka. Turekebishe hayo kwanza. Nirudi baada ya miezi mitatu. Kama bado nasahau, tutatafuta zaidi.

Miezi mitatu! Nilikuwa nimeshaanza kuulizia kazi Kitale. Lakini kule ningeenda na kichwa hiki hiki, na swali lile lile. Nikabaki. Ninameza dawa asubuhi, naziba masikio kwa pamba mashine ikinguruma, na mteja akija naizima kwanza, natoa pamba, namwangalia mdomo, narudia alichosema, kisha naandika kwa chaki kama aliyenitangulia. Nambari ya siri bado hunitoka siku nisipolala.

Juzi yule mama alileta debe. Nikazima mashine.

"Koboa," akasema.

"Koboa," nikarudia, nikaandika.

Alirudi, akatazama punje, akakunja uso. "Si nilisema saga?"

Nikatazama gunia: chaki ilisema koboa. Nilipoinua macho, alikuwa ameziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Zahanati ni wiki ijayo.