Kikapu Kilichopinda cha Katekista

Nimefika kwa mama tangu Jumamosi na bado sijasikia kitu moyoni. Nakuambia hivyo bila mapambo, rafiki yangu, kwa sababu najua wewe hutashangaa. Nilishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yetu karibu na maporomoko ya Wagenia, mngurumo wa maji ukanipokea kama zamani, mama akanikumbatia huku analia, na mimi nikasimama pale naangalia kuku. Binti yangu alilia kwa niaba yangu. Ndani ya mkoba nilikuwa na chupa niliyoizungushia taulo. Mama aliiona alipokuwa anatoa nguo zangu. Aliirudisha mahali pake, kisha akanituma nikaondoe vitu katika kibanda cha nyuma, maana fundi wa mabati anakuja.

Huko ndiko nilikokuta kikapu.

Ni mtego wa samaki, mdomo mpana na mkia mwembamba, umesukwa kwa kekele, ile kamba ngumu ya msituni. Nusu yake imenyooka vizuri. Nusu nyingine imepinda vibaya, kama mtu aliyesuka amefumba macho. Mavumbi yamejaa, panya wamekula ukingo. Nilikaa chini nikakipakata, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilikumbuka kitu bila kulazimishwa.

Sisi ni watu wa maji. Kila familia pale kwetu ina mahali pake katikati ya mawe, na kila mwaka mto ukijaa unabeba nguzo. Maji yakipungua, wanaume wanasimika nguzo mpya, wanazifunga kwa kamba za msituni, wanashusha mitego mahali mto unapokasirika zaidi. Samaki anasukumwa ndani, na nguvu ya maji haimruhusu kurudi. Papa yangu, ndivyo tunavyomwita baba, alikuwa fundi wa mitego. Nikiwa mdogo niliamka kwa harufu mbili, moshi wa mama na kekele iliyolowa ya papa. Alisuka akipiga mluzi, na akiona nimesimama ovyo alinipa ndizi za lituma, zile za kuchemsha na kuponda, nimenye, akisema mkono usio na kazi unamsumbua mwenyewe.

Halafu msimu mmoja mluzi ukaisha. Hakufa mtu. Hakuna aliyetudhulumu. Siku hizi wanaita ugonjwa huo sonona, lakini sisi hatukuwa na jina lake, kwa hiyo kila mtu alileta lake. Wengine walisema ni uchawi, wengine wakasema ni mama, kwa kuwa mke ndiye anayelaumiwa kwanza. Papa alikaa kwenye kiti chake kifupi nyuma ya nyumba, uso kuelekea ukuta, mgongo kuelekea mto. Alipochoka kukaa alianza kunywa lotoko, pombe kali ya mahindi inayochoma hadi puani. Alikunywa bila furaha, kama anayekunywa dawa aliyoandikiwa. Hakutupiga. Hakupiga kelele. Ukimwita alikuangalia kama anayekutafuta kwenye umati wa watu, na kabla hajakupata alichoka.

Nyumbani kwetu, nyumba ya mvuvi, tulianza kula makayabu, samaki wa chumvi kutoka mbali, aliyenunuliwa kwa mama Mnande mwenye duka. Mama alimpika akiwa amefunga mlango ili harufu isitoke. Ilitoka tu.

Wenzake mama wa kikundi cha sala walikuja, na sina haki ya kuwacheka, walikuja kwa upendo. Walimzunguka papa, wakamwekea mikono kichwani, wakakemea pepo wa lotoko kwa sauti iliyoshindana na maporomoko. Walimwongoza mpaka ukingoni akamwaga chupa mtoni, wakapiga vigelegele. Kabla ya Jumapili alikuwa amekunywa tena. Tangu hapo, kengele ya kanisa ilipolia, aliingia chooni akajifungia. Nilimsubiri nje nikiwa na nguo zangu za kanisani. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko pombe yenyewe.

Tonton, kaka mkubwa wa papa, naye alikuja, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Muke ya ndugu yangu, mambie asikie. Maji inaanza kushuka. Kama hatasimika miti yake, mahali pale nitamupa mungine. Maji haingojeake mutu."

Mama alimjibu, "Papa ya watoto iko mugonjwa."

"Mugonjwa wa nini? Miguu iko, mikono iko."

Hakuwa mtu mbaya. Mahali pakibaki patupu kwenye mawe yale, ukoo mzima unaonekana una pengo. Lakini mimi nilielewa jambo moja tu, kwamba papa akipoteza mahali pake kwenye maji, hatageuza kiti tena maisha yake yote.

Ndipo katekista, mwalimu wa dini wa kanisa letu, akaja. Alikuwa mtu wa msituni, upande wa Buta, mwembamba, mwenye kikohozi, na aliogopa maji kiasi kwamba akivuka mto kwa pirogi, mtumbwi wetu wa gogo, alishika kingo mbili na kusali mpaka ng'ambo. Tulimcheka sana kwa hilo. Alikuja asubuhi, akavuta kigogo, akakaa kando ya papa, akatazama ukuta uleule.

"Bon," alisema, "mi nitaikala hapa kidogo."

Hakuhubiri. Mama alipomwomba afungue Biblia, alimwambia polepole kwamba kuna nabii mmoja aliyechoka hadi akaomba afe, na Mungu hakumkemea, alimpelekea mkate na maji, akamwacha alale tena. "Mama, pika," alisema. Basi mama alipika. Kabla ya kuondoka katekista aliinamisha kichwa, akasema sala ambayo sijasikia fupi kuliko hiyo: "Baba, na leo tuko hapa." Akangoja amina. Papa hakufungua mdomo. Katekista akageuka kunitazama mimi, niliyekuwa namenya ndizi mlangoni, na mimi nikasema, "Amina."

"Ya mutoto inatosha," alisema. "Ataisema kwa ajili yake mpaka yeye mwenyewe apate nguvu."

Kesho yake alirudi, na siku zilizofuata. Hakuwa mtu wa kukaa bure, kwa hiyo siku moja aliokota kekele za papa zilizokuwa zinakauka pale na kuanza kusuka mtego. Rafiki yangu, sijawahi kuona kazi mbaya kama ile. Mtu wa msitu anajua kusuka kikapu cha kubebea mihogo, nacho kinasukwa kwa fundo jingine kabisa. Alisuka mtego wa mto kama kikapu cha shambani, akiimba chini chini, ameridhika na nafsi yake. Watoto wa jirani walikuja kuchungulia, wakakimbia kwenda kucheka. Papa alianza kutupa jicho. Akaangalia pembeni. Akatupa tena. Niliona taya lake linasogea.

"Hapana," alisema.

Mama aliacha kutwanga. Sauti ya papa ilikuwa imekauka kama mlango uliokaa bila kufunguliwa.

"Fundo hii ikilowa, itafunguka," papa alisema. "Samaki itatoka."

"Itatoka?" Katekista aliinua kikapu akakitazama kwa mshangao wa kweli. "Alors, inafungwaka namna gani?"

Papa alikichukua mikononi mwake. Alikosea kwa sababu ya lotoko, akafungua, akaanza upya. Lakini alisuka. Kile nilichokipata kibandani, sehemu iliyopinda ni ya katekista, na iliyonyooka ni ya papa. Hakikuwahi kuingia majini. Mama alikificha, naye si mtu wa kutunza vitu.

Usidhani hadithi iliishia hapo kwa wimbo. Papa aliendelea kunywa, akapunguza, akaanguka, akapunguza tena. Katekista alikuja siku za nafuu na siku za kuanguka, na sala yake haikubadilika. Maji yaliposhuka, papa aligeuza kiti, akatazama mto kwa muda mrefu, akaenda kwa tonton akiwa bado ananuka, akashika mwisho mmoja wa nguzo. Tonton alishika mwingine. Mitego iliposhushwa, jioni ile tulikula samaki wetu na mama aliacha mlango wazi. Amina ya papa mwenyewe niliisikia muda mrefu baadaye, siku isiyo na sababu, mvua ikinyesha. Aliisema vibaya, kama mtu anayekohoa. Ilinifanya nikose kazi ya kumsemea. Nilifurahi, nikaona wivu pia.

Sasa papa amelala makaburini, kwa ugonjwa wa uzee, akiwa hajagusa lotoko kwa miaka. Katekista alitangulia. Kigogo chake kilichomwa kuni. Kanisa lile dogo lina ukuta mpya na vipaza sauti. Baiskeli za toleka zilizotubeba mjini zimekwisha, ni pikipiki tu. Mahali petu kwenye mawe wanashika watoto wa tonton, nao wanapiga picha na wageni. Mimi nina mtoto, nina chupa ndani ya taulo, na asubuhi nyingi ninaangalia ukuta.

Ninakuandikia wewe kwa sababu nadhani nawe unaangalia wako. Wataalamu wapo, nami nimemwahidi mama nitakwenda kumwona daktari wiki hii. Nenda nawe, Mungu haoni wivu kwa daktari. Lakini nilikuwa mtoto wa mtu wa namna yetu, kwa hiyo nakuambia nilichokiona kutoka mlangoni na kisu cha ndizi mkononi. Sikuhitaji papa aliyepona. Nilihitaji kumkuta pale. Kila asubuhi alipokuwepo, hata na uso ule wa jiwe, niliona Mungu ametusikia.

Leo, kabla fundi hajafika, nilikaa kwenye kiti kifupi cha papa na kikapu magotini. Nilisema, "Baba, na leo tuko hapa." Sikusikia kitu. Ukuta ulikuwa ukuta. Nikangoja, kwa mazoea tu, na mdomo wangu ukakataa kumaliza.

Nyuma yangu, mlangoni, binti yangu alikuwa anamenya ndizi za bibi yake. Hakuna aliyemfundisha.

"Amina," alisema, akaendelea kumenya.