Taa ya Kushoto

Taa zilikuwa kumi: mbili za mbele, mbili za nyuma, na tatu tatu za ubavuni. Nilizihesabu juu ya gunia la fundi, kisha nikazihesabu tena, maana fundi wetu wa umeme wa magari pale Lushoto ni mtu mwema lakini vitu vidogo kwenye gereji yake vina miguu.

Lori ni la baba. Ni dogo, la tani tatu na nusu, na baba amekuwa akiliteremsha kutoka Kwai hadi Mombo na kabichi na karoti tangu mimi nikiwa wa kubebwa. Siku hizi mimi ndiye ninayenunua mzigo mashambani na kuuza chini. Yeye kazi yake ni usukani. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba aushike, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kumwomba auachie. Alikuwa anasema siku akishuka kwenye lori hilo atakuwa anapelekwa makaburini, na angependa aliyemchukua asikanyage breki ovyo.

Taa za zamani zilikuwa zimechoka. Ukiwasha indiketa mchana, mtu aliye nyuma hawezi kujua kama imewaka au ni jua limegonga plastiki. Asubuhi moja yenye ukungu, kule Magamba, bodaboda wa maziwa alitufikia mkiani bila kutuona, akasimama madumu yake yakiwa yamegusa bodi letu. Alitutukana kwa Kishambaa, taratibu, bila kukosea. Nikamwambia baba tufunge za LED.

"Taa zinawaka," akasema. "Unataka ziimbe?"

"Nataka zionekane."

"Nani amelalamika?"

"Yule wa maziwa."

"Yule alalamike kwa ng'ombe wake."

Nikalipeleka gari mwenyewe kwa fundi.

"Kaka, hizi ni LED," fundi akaanza, akiwa ameshika moja kama anauza dhahabu. "Hazili umeme, hazipati moto, na zitaishi kuliko gari."

"Gari limeishi kuliko fundi aliyelifungia taa za kwanza. Usinitishe na umri."

Alifunga zote. Alipojaribu indiketa, zikaanza kupepesa mbio kama macho ya mtu aliyeingiwa na pilipili. Akacheka, akanieleza kwamba ile flasha, kile kidude kinachozima na kuwasha, kimezoea glopu zinazokula umeme mwingi. Sasa kikiona umeme hauliwi, kinadhani glopu zimeungua, ndiyo maana kinapiga kelele kwa namna yake. Inatakiwa flasha nyingine.

"Na hilo ulilijua kabla ya kufunga?"

"Nililijua."

"Basi flasha imo kwenye kufunga. Huwezi kumuuzia mtu shati halafu vifungo ukamtajia baadaye."

Tulibishana mpaka chai ikaletwa, tukabishana juu ya chai, na mwisho flasha ikawa nyongeza. Nikadai na glopu za zamani. Akauliza za nini. Nikasema ni zangu. Nikazitia kwenye kopo la biskuti, kumi, nikazihesabu tena, kumi.

Baba alikuja kulichukua gari jioni ile. Fundi akamwamkia, shikamoo Mzee, akaitikiwa marahaba. Baba akapanda, akasukuma kijiti cha indiketa chini, akasubiri.

"Haiwaki."

"Inawaka, Mzee."

"Mbona haisemi?"

Flasha ya zamani ilikuwa inagonga, tik, tik, hadi ukiwa nje unaisikia. Mpya ilikuwa kimya kabisa. Fundi akainama dirishani akamwonyesha mshale wa kijani kwenye dashibodi, unapepesa vizuri tu. Baba akatazama kule kidole kilikoelekea, akasema, "Haya."

Kwa asiyeijua barabara ile, kutoka Soni kushuka Mombo ni kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Gari dogo likikwama nyuma ya lori lililojaza, dereva wake haoni kitu ila mkia wa lori na kabichi. Kwa hiyo dereva wa lori humwangalizia mbele. Akiwasha indiketa ya kulia anamwambia tulia, kuna kitu kinakuja. Akiwasha ya kushoto anamwambia pita, mbele peupe. Hakuna shule ya udereva inayofundisha hivyo, wala sheria inayoitambua, lakini watu wazima wenye watoto nyumbani wanaingia upande usio wao wakiwa hawaoni kitu, kwa sababu mtu wasiyemjua amewasha taa ya kushoto. Wakishapita hupiga honi mara mbili, asante.

Baba aliitoa ishara hiyo miaka yote, na hakuwahi kumdanganya mtu. Ila miaka ya karibuni honi zilikuwa zimepungua. Alikuwa akiwasha kushoto, gari la nyuma linabaki palepale, linangoja mpaka lijionee lenyewe. Baba akasema vijana wa siku hizi hawana heshima, wanamwona mzee na mzigo wake kama kizuizi cha barabarani.

Tulipofunga LED honi zikarudi. Wiki ile baba alichangamka kweli. Akawa anaitikia kila honi kwa kunyanyua mkono, na tukifika Mombo ananiuliza, "Leo wangapi?" Namjibu, maana nilikuwa nahesabu. Hata chai akawa ananinunulia yeye.

Ilitokea asubuhi, saa nne na kitu, hali ya hewa safi. Nalisema hilo kwanza kwa sababu baadaye kila mtu aliuliza kuhusu ukungu. Tulikuwa tumeshaiacha Soni. Nyuma yetu kulikuwa na gari dogo la abiria, limetufuata kona kadhaa kwa adabu. Mimi niko kiti cha kushoto. Tukatoka kwenye kona, mbele yetu kipande kilichonyooka, na katikati ya kipande hicho tipa la mchanga linapanda. Kichwa chake cha njano. Niliona kichwa, niliona mchanga ulivyojaa, niliona hata kitambaa alichofunga dereva kwenye kioo cha pembeni.

Baba akawasha kushoto.

Nilidhani amekosea mkono. Nikageuka kumwangalia, naye alikuwa ametulia kabisa, anatazama mbele, ananyoosha shingo kidogo kama mtu anayengoja kusikia jina lake. Nikasema, "Baba, tipa." Gari dogo lilikuwa limeshatoka.

Tipa likapiga honi ndefu. Yule dereva hakuwa na pa kurudi, sisi tuko ubavuni mwake, akaukata usukani kulia, akavuka mbele ya tipa na kuingia mtaroni, chini ya mwamba. Mlio wake haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama debe linaloangushwa sakafuni.

Dereva alitoka mwenyewe, damu usoni. Abiria wa kiti cha mbele alikuwa mama anayeuza matunda stendi ya Mombo, ananiita mwanangu na hajawahi kunipunguzia bei hata siku moja. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Tulimtoa mimi na dereva wa tipa, tukampakia kwenye gari lililokuwa linashuka, na muda wote hakulia, aliuliza tu ndizi zake ziko wapi. Nilizitafuta. Hakukuwa na cha kumrudishia.

Trafiki alipofika, yule dereva akasema, "Mzee alinipa kushoto."

Trafiki akamgeukia baba. "Ulimpa kushoto?"

"Nilimpa," baba akasema. "Palikuwa peupe."

Dereva wa tipa akamtazama baba, akalitazama tipa lake, tani zote zile za mchanga, kisha akanitazama mimi. Nikatazama chini.

"Indiketa ya kushoto maana yake gari linakata kushoto," trafiki akasema huku anaandika. "Kushoto hapa kuna nini?"

"Korongo," nikasema.

"Basi huyu mzee alitaka kwenda korongoni. Aliyepita vibaya ni aliyepita." Akamwambia baba anaweza kuendelea na safari.

Niliendesha mimi kutoka pale hadi Mombo. Baba alinipa ufunguo, akasema tu jua lilikuwa limemchoma macho. Jua lilikuwa nyuma yetu.

Kesho yake, uani kwetu Kwai, baba alikuja na masharti. Mimi nimejifunza kupatana bei kwake, kwa hiyo nilijua ataanzia wapi.

"Nitaendesha siku zisizo na ukungu."

"Jana hakukuwa na ukungu."

"Basi mpaka Soni. Chini umalizie wewe."

"Hapana, baba."

"Mpaka Lushoto mjini. Hapo hakuna hata kona ya maana."

"Hapana."

Kisha akatoa alichokuwa amekificha, kama mnunuzi anayejifanya anaondoka. "Rudisha taa za zamani. Kopo unalo. Zile hazikumvunja mtu mguu."

Hilo lilikuwa kweli. Zile hazikumvunja mtu kwa sababu hakuna aliyekuwa anaziona. Alikuwa anawaambia watu wapite sijui tangu lini, na kilichowaokoa ni uchovu wa glopu.

"Twende nyuma ya gari," nikamwambia. "Nikiwasha, uniambie ni ipi. Ukipata, narudisha za zamani leo hii na unaendesha."

"Na nisipopata?"

"Ufunguo unabaki kwangu."

Akafikiri. "Mara tatu," akasema.

"Mara tatu."

Akasimama hatua chache nyuma ya bodi, mikono nyuma. Nikapanda, nikawasha kushoto. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona amekaza uso, kichwa kimeinama upande mmoja, na nikajua alikuwa anafanya nini. Alikuwa anasikiliza; kona alizijua kwa mikono, taa kwa masikio. Flasha ya nyongeza haikutoa hata mlio.

"Washa," akasema.

Nilishuka, nikaenda hadi nyuma. Taa ya kushoto ilikuwa inapepesa, rangi ya chungwa kali, hata pale juani inaumiza macho. Baba alikuwa ameisogelea. Alitandaza kiganja chake juu yake, kama alivyokuwa akizipima glopu za zamani, ambazo zikiwaka kidogo tu hupata moto. Mwanga ulikuwa unatoka katikati ya vidole vyake, unazima, unatoka.

"Ya baridi," akasema. "Hii hujaiwasha. Ni ya kulia."

Akangoja nimwambie. Sikusema kitu, na kwa sababu sikusema, aligeuza uso polepole akanitafuta nilipo. Kisha akaondoa kiganja, akakifuta kwenye suruali.

"Zimebaki mara mbili," nikasema.

"Wacha," akasema baba. "Zima, usimalize betri."

Siku hizi nashuka peke yangu. Kiti cha kushoto naweka gunia la karoti. Taa zile kumi bado zipo na zinaonekana kutoka mbali. Gari likija nyuma nawasha kulia, hata pakiwa peupe, nawaacha wanitukane mpaka Mombo. Pale stendi meza ya matunda anauza binti wa yule mama, na simwombi punguzo.