Waliotoka Wakiwa Hai

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipokuwa muuguzi kijana Homa Bay, nilivyokuwa nimejaza daftari na kujiona mwerevu. Daktari wetu alikuwa anatafiti wagonjwa ambao moyo umeshindwa kusukuma damu: presha imeshuka, vidole baridi, mkojo hautoki. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila mmoja alipewa dawa gani na mwisho wake ukawaje. Nilikuwa na safu mbili tu, aliyefia wodini na aliyetoka akiwa hai. Safu ya walio hai ilikuwa ndefu, nami nikaisifia kwa kila mtu.

Wiki hiyo wodini tulikuwa na mgonjwa wa moyo, Mama Auma, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay. Auma, bintiye, aliniuliza kama ampeleke Kisumu kwa wataalamu wa moyo.

"Usisumbuke," nikamwambia. "Hapa wengi hutoka wakiwa hai."

Akaniamini, mgonjwa akabaki.

Sista Perpetua, mkuu wa wodi, hakuwa mtu wa kuamini upesi. Hata chai aliinusa kwanza. Alilisoma daftari langu, kisha akauliza, "Nyara, binti yangu, hawa wa Sori na Ndhiwa walitoka wakitembea ama walibebwa?"

"Familia ziliomba kuwapeleka nyumbani."

"Na unajua kwetu mtu akizidiwa hupelekwa nyumbani kwa nini. Enda uwatafute."

Nilimshuku yeye, mwanangu. Nilidhani ananionea wivu. Nikaenda Sori nikiwa nimenuna, na katika boma la kwanza mzee mmoja akalitazama daftari zaidi kuliko alivyonitazama mimi.

"Saa hii ndio mnakuja? Mnataka nini na yeye?" Akaninyooshea kaburi kando ya nyumba, udongo wake bado mbichi.

Boma la pili, kaburi. Ndhiwa nako, hivyo hivyo. Watu walitolewa wodini ili wakate roho kwao, nami nikawaandika hai.

Kesho yake nilimweleza Auma ukweli wote. Hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Gari la wagonjwa la kwenda Kisumu likapatikana mchana, lakini tulikuwa tumechelewa. Jioni Auma akanipigia simu.

"Mama ametutoka njiani, Sista. Sasa utaniambia nini?"

Swali hilo nalisikia hadi leo. Bado naona haya.

Sasa nawe unakwenda kuandika wagonjwa wa moyo huko Migori. Sikuambii uwashuku watu. Shuku karatasi, hasa ile inayokusifu. Usimhesabu mtu kuwa amepona kwa sababu tu amepita lango. Fika kwao, bisha hodi, kubali kutazamwa vibaya. Na ukigundua umekosea, sema siku hiyo hiyo, kwa maana kuna mgonjwa kitandani anayekungoja.

Mungu akulinde, mwanangu, na wale utakaowaandika hai, awajalie wawe hai kweli.